Tundu la Kupotezea Maji

Newala,
14 Septemba 1997

Mdogo wangu Gasper,

Salamu nitaziweka mwisho, kama nitazikumbuka. Tangu nirudi kutoka kwako Masasi nina kichefuchefu, na si cha basi. Ni cha kile nilichokiona nyuma ya nyumba yako.

Shirika lilipokupunguza kazi nilikuombea kanisani kwa jina. Ulipopata kiinua mgongo nikasema, sasa Gasper atafungua duka, au atanunua korosho kama hao wanaojiita wanunuzi binafsi. Wewe ukanunua saruji. Ukajenga ukuta chini ya mlima wa jiwe, ukaelekeza kila tone linaloteremka mlimani liingie humo, ukaweka bomba na kufuli. Unauza mvua! Wanawake waliokuwa wakikinga maji ya jiwe lile bure tangu enzi za bibi zao, sasa wanapanga ndoo mbele ya kufuli lako. Na bawabu wa kufuli ni Mama yetu mzazi, ameketi kwenye kigoda, ufunguo umening'inia shingoni pamoja na rozari. Nilipoona vile nilitaka kutema mate, nikameza kwa heshima yake.

Aibu hiyo ni yako, ikae kwako. Ninaloandikia ni ukuta.

Sisi tumezaliwa juu ya mchanga. Newala ikinyesha kutwa, jioni unatembea na viatu vya kanisani, kwa sababu ardhi imeshayanywa maji yote. Jiwe la Masasi halinywi. Ni mwamba mgumu, uchi, hauna udongo wala kichaka, na linaloanguka kileleni linafika chini mbio. Tena jua la mchana hulitanua jiwe, baridi ya usiku ikalisinyaza, miaka nenda miaka rudi, mpaka ngozi yake ya juu inabanduka kama maganda ya kitunguu. Yale mabamba makubwa yaliyolala chini ya mlima, uliyonionyesha ukijisifu kwamba Mungu amekupa msingi wa bure, ndiyo maganda yenyewe. Umejenga juu ya maganda, Gasper. Mwamba uko chini yake.

Na tundu la kutolea maji yakizidi liko wapi? Nimeuzunguka ukuta wako wote sikuliona. Redio inasema bahari ya Pasifiki imepata joto lisilo la kawaida na mvua za safari hii zitapita kiasi. Mama analala hatua chache chini ya ukuta ule. Mrudishe Newala kabla mvua hazijaanza.

Nawasalimu wote, hasa mwanao Luka.

Dada yako,
Devotha


Masasi,
28 Septemba 1997

Dada Devotha,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi aliyesahau ramani ya Afrika. Majirani wameniuliza, yule mama aliyekuwa akitembea hapa amekunja pua kama aliyekanyaga kitu ni nani? Nikawaambia ni mwalimu wa jiografia, hivyo ndivyo anavyotazama miamba.

Dada, mimi nilipoliona jiwe hili mara ya kwanza, nikiwa bado shirikani, sikuona mlima. Niliona bati. Bati la Mungu, halina kutu, halina mwenyewe, na chini yake hakuna hata mfereji mmoja! Watu wa Masasi wamezaliwa nalo, hawalioni. Mtu wa Newala akiona paa lisilokingiwa maji hapati usingizi. Nimekaa miaka yote nikilitazama, mpaka waliponipunguza nikasema asante, sasa nina nafasi. Si tuliambiwa huu ni wakati wa soko huria, kila mtu abuni lake? Mimi nimebuni. Na kabla hujanitemea mate, jua kwamba kiangazi hiki wanawake wa hapa hawajalala kisimani hata mara moja.

Habari ya tundu, nisamehe, nilicheka. Fundi Mahmudu, uliyemkuta akipiga lipu, naye ni wa kwetu. Nilimsomea kipande hicho akaweka mwiko chini, akacheka mpaka akakaa. Kwetu nani amewahi kujenga kisima cha kukingia mvua halafu akakitoboa ili kipoteze maji? Kisima kikijaa kimejaa, kinachozidi kinamwagika ukingoni na mchanga unakunywa. Ndivyo alivyojenga Baba, ndivyo alivyojenga baba yake.

Kuhusu Mama, mimi sikumfunga kamba. Nina mpangaji, Claudia, muuguzi wa zahanati, mtu wa Kilimanjaro, ana mwandiko mzuri. Nimemwomba aandike atakayosema Mama, mimi nisiwepo.

Wako mtiifu,
Gasper


Masasi,
12 Oktoba 1997

Mwanangu Devotha,

Ninayesema ni mimi mama yako, Scholastika, anayeandika ni huyu binti Claudia. Nimemwambia aandike kila kitu, asichague.

Nimesikia unanitaka Newala. Nije nifanye nini? Maji ya bomba lenu yanatoka siku yanapojisikia. Kisima chako kikikauka Agosti nani atateremka bondeni? Wewe na viatu vyako vya visigino?

Mimi nimezaliwa Makote. Nimeshuka lile poromoko nikiwa msichana, nikiwa na mimba yako, nikiwa na mimba ya Gasper, na siku niliyomzika baba yenu nilishuka pia, kwa sababu waombolezaji wanakunywa. Alfajiri unatoka, unarudi jua limewaka, mtungi umejaa, na nusu yake unainywesha kiu uliyoipata njiani. Utosini hapa ngata imeninyonyoa, nywele hazikuota tena. Sasa nanyoosha mkono nikiwa nimekaa, nafungua, maji yanakuja. Naosha miguu mara mbili kwa siku, naosha hata ambayo haijachafuka. Claudia anacheka. Mwache acheke, kwao maji yanapita mlangoni kama kuku.

Unasema Gasper ananifanya bawabu. Ufunguo niliutaka mwenyewe. Mwanamke anayekuja hana kitu namfungulia, Gasper hajui, na wewe usimwambie.

Na hilo la kutoboa ukuta ili maji yatoke, mwanangu, sijui mnafundishwa nini huko. Hata kulitaja ni mwiko. Tangu nizaliwe sijamwona mtu mwenye akili akitoboa kisima.

Mama yako,
Scholastika

(Na mimi Claudia nakusalimu sana, Mwalimu. Shikamoo.)


Newala,
16 Novemba 1997

Gasper,

Salamu kwa wote. Barua ya Mama nimeisoma, nikaenda uani kulia, kisha nikarudi nikiwa na hasira mpya. Nimechukizwa nawe kwa kuwa umempa kitu ambacho mimi, na mshahara wangu wa serikali, sikuweza kumpa, na ukampa juu ya maganda ya mlima. Ungekuwa mwizi wa kawaida ingekuwa rahisi kwangu.

Haya, abaki. Lakini nisikilize, na huyo Mahmudu wako asikilize, aweke mwiko chini na safari hii asicheke.

Kisima cha Baba kimezikwa ardhini. Maji yakisukuma ukuta kutoka ndani, dunia nzima imeuegemea kwa nje, hauna pa kwenda. Ukuta wako umesimama hewani. Nyuma yake hakuna kitu ila chumba cha Mama. Maji yaliyosimama yana uzito, pipa moja likijaa halisogezwi na wanaume wawili, nawe unataka kurundika mamia. Kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyosukuma, na husukuma zaidi kule chini, pale pale ukuta unapokalia mawe yasiyoshikana. Na yakimwagika ukingoni hapo kwako hakuna mchanga wa kunywa. Yatachimba mguu wa ukuta. Tatizo si jiwe, wala mvua. Ni kwamba umechukua kisima cha Newala ukakijenga Masasi.

Weka bomba nene karibu na juu, liyapeleke maji kwenye korongo la upande wa pili wa nyumba. Usinibishie tena. Mimi siwezi kuja, nasimamia mitihani, na hapa mvua zimekwisha kuanza, barabara imeshaanza kumeza malori. Nimekaa darasani nafundisha majanga ya asili kwa watoto wa watu huku la kwetu linajengwa na ndugu yangu. Kweli inatia kinyaa.

Devotha


Masasi,
20 Desemba 1997

Dada,

Shikamoo. Umeshinda. Tundu limetobolewa, bomba nene kama ulivyotaka, linamwaga korongoni. Mahmudu alifanya kazi hiyo amenuna kama anayechimba kaburi la mtu mzima wa afya.

Sikufanya kwa sababu ya barua yako tu. Juma lililopita jiwe lilishuka na maji ambayo sijawahi kuyaona, meupe mlima mzima, na kelele yake huwezi kusikia mtu aliye pembeni yako. Kisima kilijaa kabla sijamaliza kula. Kesho yake nilipapasa ukuta kwa nje nikakuta unatoa jasho, chini, kwenye kona. Kuna ufa, mwembamba. Usimwandikie Mama habari hiyo, nakuomba. Nataka kuongeza nguzo za kuuegemeza, lakini saruji Masasi imekwisha madukani, malori yamekwama. Nimesikia kuna mtu anayo huko Nanganga. Siku ya pili baada ya Noeli nitakwenda alfajiri, nikirudi namleta Mama kwako, hata kwa kumbeba mgongoni.

Mama haongei nami tangu tundu lilipotobolewa. Anasimama pale mvuani anatazama maji yakitoka kama anayetazama mtoto wake akipigwa. Jana kaniambia neno moja tu, kwamba nimekuwa mchafu. Nimemwomba ahamie chumba cha Claudia kwa sasa. Amesema atahama nikiziba tundu.

Noeli njema.

Gasper


Newala,
19 Januari 1998

Baba Luka,

Ninakuita hivyo kwa sababu jina ulilopewa na Mama haliji mdomoni.

Pale mazishini sikusema. Watu walikuwa wengi na matope yalikuwa mengi, na nilikuwa nimetoka ndani ya lori la mahindi baada ya kulala njiani. Nilikuona umesimama pembeni na mikono yako imevimba kwa kufukua, nikakuonea huruma. Huruma hiyo leo naionea haya.

Kwa maana baada ya maziko nilikwenda kuutazama ukuta. Sikwenda kama mwana, nilikwenda kama mwalimu, nilitaka kujua. Kipande cha juu kilikuwa kimelala kizima kwenye kitanda cha Mama. Bomba lako la kutolea maji lilikuwa bado limo. Limezibwa! Gunia la korosho limekunjwa, limesokotwa ndani, likakandikwa udongo juu yake kwa mkono. Nilikaa kwenye matope nikatapika mbele za watu.

Sasa nakuelewa. Mvua ilipokuwa nzuri ukaona maji yako ya kuuza yanakimbilia korongoni, ukaziba, ukaenda zako Nanganga. Ulitazama kitanda, ukatazama ndoo, ukachagua. Nimesoma juu ya mitetemeko, mafuriko, milima inayotapika moto, na katika yote hayo sijakuta kitu kichafu kama wewe. Mvua haikujua kwamba mama yetu amelala pale. Wewe ulijua.

Nimeongea na wajomba Makote. Arobaini ya Mama itasomewa misa huko. Usije. Ukija nitatoka mimi.

Devotha


Masasi,
2 Februari 1998

Dada,

Shikamoo.

Ndiyo. Niliziba mimi.

Sitakuja Makote. Naomba uwape chakula waliokuwa wakiteka naye maji bondeni, wale wazee waliobaki. Wasikose.

Gasper


Ndanda,
22 Machi 1998

Mwalimu Devotha,

Shikamoo. Ni Claudia, aliyekuwa mpangaji wa kaka Gasper. Nimehamia Ndanda sasa. Nimechana barua hii mara kadhaa, na ninavunja ahadi niliyompa kaka Gasper, lakini nimekutana na mtu wa Newala aliyenieleza anavyosemwa huko, nikashindwa kula.

Kaka Gasper hakuziba. Alipoondoka alfajiri ile bomba lilikuwa linatiririka, nilimsindikiza mpaka barabarani na tulilipita pamoja. Niliporudi kujiandaa kwenda kazini, mvua imeshakuwa kubwa, nikamkuta Bibi amepanda juu ya mabamba, kanga imemganda mwilini, anasokota gunia ndani ya bomba. Umri ule! Nikapiga kelele, Bibi, teremka, mwanao ameweka hilo kwa ajili yako. Akanigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona kwake, umejaa chuki, si kwangu, kwa yale maji. Akasema, "Yanakwenda wapi haya? Yenyewe yana miguu, na mimi nina yangu, na yangu imechoka kuyafuata." Akaendelea kukandika udongo.

Mwalimu, mimi kwetu nimekulia kando ya mifereji. Maji kwetu yanapita, hakuna anayeyalilia. Nilimwona kama mtu anayeziba dirisha ili upepo usitoke. Nilidhani ni uzee tu, na nilikuwa nimechelewa zamu, nikamteremsha, nikamfuta, nikamwacha amekaa kitandani akisikiliza kisima kinavyojaa. Alikuwa anatabasamu. Sikuurudia ukuta kuondoa lile gunia. Hilo ni langu na nitabaki nalo.

Jioni ile kaka Gasper aliporudi na kumfukua, nilimwambia yote. Akaniomba nisimwambie mtu. Alisema huko kwenu watu wataanza kusema Bibi alijiua, au alirogwa na maji, na kwamba wewe ukijua utamkasirikia na hayupo wa kukujibu. Alisema, "Mimi nipo, acha anikasirikie mimi."

Kaka sasa amebomoa ukuta uliobaki. Wanawake wanakinga tena wenyewe kwa mabati na madebe, bure.

Nisamehe.

Claudia


Newala,
13 Aprili 1998

Mdogo wangu Gasper,

Claudia ameniandikia. Usimlaumu.

Nimekaa na barua yake Kwaresima yote iliyobaki, nikingoja nijisikie vizuri juu yako. Sijajisikia. Bado nachukizwa na ukuta uliosimamishwa juu ya maganda, na ningekuwa nakudanganya nikisema yamekwisha. Nachukizwa pia na uongo wako, ulivyokuwa mfupi, na nilivyouamini haraka, kana kwamba nilikuwa nimeuandalia kiti. Wajomba nimewaambia kwamba si wewe uliyeziba. Walipouliza ni nani, nikasema mvua ilileta uchafu. Kwa hiyo sasa tuko waongo wawili, na Mama amelala safi.

Nilimkasirikia, kama ulivyosema. Nilimkasirikia siku nzima, kwa sauti, peke yangu jikoni. Nilimwambia yote niliyokuambia wewe juu ya uzito na msukumo. Nilimwambia, Mama, ni maji tu.

Juzi hapa ilinyesha tena. Hujui kwamba baada ya mazishi nilimwita fundi akatoboa kisima changu hiki cha uani na kuweka bomba la kutolea maji, ingawa kimezikwa ardhini na hakina haja. Nilitaka tu kuona kitu kinafanywa sawasawa mahali fulani. Basi kisima kikajaa, bomba likaanza kumwaga. Nikatoka kutazama, nimejifunika kanga. Maji safi, Gasper, ya kunywa, yanaanguka mchangani na mchanga unayafuta, huoni hata unyevu. Mwezi wa nane nitakuwa nanunua kwa ndoo. Nilijua vizuri yanakwenda wapi. Yanashuka ndani ya uwanda, yanatokea chini ya poromoko kama chemchemi, kule kule Mama alikokuwa anayafuata. Nimelifundisha hilo miaka mingi, nalichora ubaoni kwa chaki ya buluu.

Ilikuwa kama natazama mtu anamwaga chakula. Sikumbuki kuamua. Nilipojitambua nilikuwa nimepiga magoti, kanga imetoka mabegani, nimeisokota ndani ya bomba mpaka kwenye kiwiko, na nilikuwa nachota udongo kwa mkono wa pili ili nikandike.

Nimeiacha humo. Pasaka imepita, shule zimefungwa kidogo, na barabara wanasema inapitika. Njoo na Luka mkae siku chache.

Dada yako,
Devotha